Rotesheni ya ugenini kabla ya kuomba mafunzo ya udaktari bingwa Marekani: mlango wa haki au ada ya wenye nacho?

Mwanzisha mada (mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa udaktari, Ohio)

Wakubwa shikamooni; wenzangu, habari zenu. Naleta jambo linalotukosesha usingizi wengi tunaosomea udaktari Marekani, hasa sisi ambao kwetu hakuna aliyetangulia njia hii.

Kwa asiyeujua mfumo: chuo cha udaktari hapa ni miaka 4. Mwaka wa 3 unazunguka wodi zote kubwa, mwaka wa 4 unajichagulia. Septemba unatuma maombi ya ubingwa, yaani mafunzo ya kuwa daktari bingwa, kupitia mfumo wa kitaifa, kisha inakuja miezi ya usaili. Baada ya hapo wewe unazipanga hospitali kwa jinsi unavyozipenda, nazo zinawapanga waombaji, kompyuta inaoanisha, na Ijumaa moja ya Machi nchi nzima inajua nani kaenda wapi. Rotesheni ya ugenini inatangulia yote hayo. Unakwenda wiki 4 hivi kwenye hospitali ya chuo kingine, mara nyingi mji mwingine, unafanya kazi kama mwanafunzi wao ili wakuone. Hulipwi. Unalipa wewe.

Mimi nataka upasuaji wa mifupa, na chuo changu hakina mafunzo yake ya ubingwa wa mifupa. Nimepiga hesabu ya hospitali moja tu: chumba cha mwezi karibu na hospitali dola 1,300, na huku nyumbani kodi haisimami kwa sababu nimesafiri. Ongeza nauli, gari la kukodi kwa kuwa saa kumi alfajiri hakuna basi, chakula, ada ya maombi, vipimo vya chanjo wanavyodai. Nimefika dola 3,600. Wenzangu wanaoomba mifupa wanafanya mbili, wengine tatu. Mama yangu anahudumia wazee zamu za usiku. Akisikia kiasi hicho atasema "nenda mwanangu" kabla sijamaliza kusema, na ndiyo maana sijamwambia.

Msimamo wangu ni huu. Hakuna karatasi inayosema rotesheni hii ni lazima, lakini katika fani kama yangu imekuwa lazima. Kinachodaiwa kwa kila mtu na kugharamiwa na mdaiwa peke yake kinamwonea asiyenacho. Je, nakosea? Na je, niende?

Daktari, mwaka wa 2 wa ubingwa wa mifupa, Texas

Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Nasema hivyo nikijua dola 3,600 ni nini, zangu nilikopa.

Mtihani wa kwanza wa leseni uliondolewa alama Januari 2022, siku hizi ni kufaulu au kufeli tu. Wengi walishangilia, na kweli ulikuwa ukituua. Lakini alama ile ndiyo iliyokuwa ikimwezesha mtoto wa chuo kisichovuma kumpita wa chuo chenye jina. Imebaki alama ya mtihani wa pili. Ukishavuka hapo, wanaosoma maombi wanaangalia umetoka chuo gani na barua yako ya mapendekezo kaiandika nani. Sasa chuoni kwako hakuna mafunzo ya ubingwa wa mifupa. Barua ataandika nani anayefahamika kwa watu wa mifupa?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe nilipewa siku ya kwanza. Nilikuwa nafika saa kumi na nusu alfajiri, naandaa orodha ya wagonjwa kabla hajaniomba mtu, mkasi na bandeji ziko mfukoni. Thieta unashikilia mguu wa mgonjwa mpaka mikono inakufa ganzi, na hapo hapo unaulizwa neva gani inapita chini ya kisu. Mara ya kwanza niliulizwa nikakosea mbele ya watu sita. Usiku nilisoma eneo lile lote, kesho yake nikarudi kwa daktari yule yule nikampa jibu kabla hajanisalimia. Wiki ya tatu, saa saba usiku, aliletwa mtoto aliyeanguka kwenye trampolini, mkono umepinda. Residenti wa zamu (daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa) alivuta mfupa, mimi nikafunga hogo chini ya macho yake. Huyo residenti ndiye aliyenisemea kwenye kikao cha kupanga majina. Nimo humo sasa.

Mwezi mzima hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi. Kwa mtu asiye na jina wala mjomba daktari, sioni njia nyingine iliyo ya haki kuliko hiyo.

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, Minnesota

Ndugu wa Texas amesema kweli kuhusu fani yake. Naomba tusiifanye kanuni ya kila mtu, maana kuna wanaosoma hapa kimya na kesho wataenda kukopa bila sababu.

Nimesoma maombi ya ubingwa wa tiba miaka kadhaa. Magonjwa ya ndani, watoto, tiba ya familia, magonjwa ya akili: hatumngoji mwombaji aje kwetu kwanza. Kuna sababu chache za kwenda. Labda mumeo au mkeo yuko mji huo na huna namna ya kuishi kwingine, au maombi yako yana doa unalotaka watu waone umelishinda. Nje ya hapo, mwezi wa kuonekana ni mwezi wa kuonekana kwa yote. Nimeona kijana mwenye karatasi safi kabisa akija kwetu akiwa mchovu, kafiwa nyumbani na hakumwambia mtu, akafanya kazi chini ya uwezo wake. Angebaki kwao tungemwita kwenye usaili bila swali. Nafasi za ubingwa zinazogombewa kwenye mfumo wa kuoanisha kila mwaka zimepita 40,000. Za mifupa ni 900 na ushei. Desturi ya hao 900 isiwatese wote.

Na tusisahau mwaka 2020. Corona ilipofunga kila kitu, rotesheni za ugenini zilisimama karibu nchi nzima, usaili ukahamia kwenye kompyuta, na Machi 2021 nafasi zikajazwa kama kawaida. Mwaka uliofuata vyama vya taaluma vilipendekeza mwanafunzi afanye moja tu. Baadaye kikomo kikalegezwa, watu wakarudi kwenye mbili na tatu. Pale tulikuwa na nafasi ya kumaliza dhuluma hii, tukaiachia. Siku hizi hata nia ina njia rahisi zaidi ya kuionesha: kwenye mifupa mwombaji ana ishara 30 za nia, anazozipelekea hospitali anazozitaka kwa dhati, bila kupanda ndege.

Daktari wa Texas

Mkuu, nakuheshimu, ila corona hiyo hiyo ndiyo ushahidi wangu. Nafasi zilijazwa, sawa. Na nani? Katika fani kadhaa za upasuaji, mwaka ule waliochukuliwa na hospitali za vyuo vyao waliongezeka. Ni jambo la kibinadamu, mtu anachukua anayemjua. Sasa yule ambaye chuo chake hakina mafunzo hayo alikuwa na nyumbani kupi?

Daktari bingwa wa Minnesota

Hapo umenibana, na nakubali. Basi narekebisha: mwenye hospitali ya nyumbani katika fani yake afanye moja, asiye nayo aruhusiwe mbili, na hospitali inayompokea impe pa kulala. Hospitali inayomtumia mtu saa kumi na nne kwa siku haishindwi kutafuta kitanda. Kuna idara zinazotoa posho kwa wanafunzi wageni wa kipato cha chini au wa jamii zenye madaktari wachache. Binti yetu aziulize moja kwa moja, aandike barua pepe kwa mratibu wa kila idara. Nyingine hutangaza mahali usipopita.

Daktari wa dharura, Arizona

Mmezungumza fedha. Mimi naongeza muda. Kwenye fani yangu barua zinaandikwa kwa fomu ya muundo mmoja, inayokulinganisha na wanafunzi wengine waliopita idara hiyo, na huipati bila kufanya rotesheni pale. Kawaida inatakiwa ya kwenu na nyingine ya ugenini. Mwaka 2023 nafasi zaidi ya 500 za fani hii zilibaki wazi baada ya kuoanishwa, na bado sharti halikulegea.

Mimi nilikuwa na watoto wawili, mdogo ana miezi saba. Wiki 4 mbali naye, nakamua maziwa chooni kati ya wagonjwa. Nilichagua mji kwa sababu moja tu: shangazi yangu alikuwa huko na angemshika mtoto wikiendi nikimleta. Hospitali niliyoipenda zaidi sikuiomba kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza, mdogo wangu, lisiwe hospitali ipi ina jina. Jiulize wapi una mtu. Kisha usiende mahali ambapo ukichukuliwa utalia. Unaonekana, lakini na wewe unatazama: residenti wanakula pamoja? Wanamjibuje nesi? Wanawake wako wangapi thieta, na wanaachiwa kisu?

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, Nairobi

Samahani kuingilia, madaktari. Sisi tunaosomea huku nyumbani na tunatamani kuomba huko, mjadala huu unatuhusu ama tungoje tumalize kwanza?

Daktari wa Arizona

Usingoje! Hilo ndilo kosa tunaloliona kila mwaka. Ukiwa bado mwanafunzi unaweza kupokelewa ukamgusa mgonjwa, ukaandika, ukaripoti kwenye raundi. Ukishahitimu, hospitali nyingi zitakuruhusu kutazama tu, mikono nyuma, na barua ya aliyekuona ukitazama haina uzito ule ule. Tumia kipindi chenu cha kujichagulia rotesheni, anza kuomba mwaka mmoja kabla, na hakikisha viza yako inaruhusu mafunzo ya vitendo. Kwako wewe rotesheni ni karibu ya lazima hata kwa magonjwa ya ndani. Hapo ushauri wa mkuu wa Minnesota haukuhusu.

Daktari bingwa wa Minnesota

Ni kweli, nilikuwa nazungumzia waliosomea hapa.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana. Nimesoma yote mara mbili, na lile la kwamba asiye na hospitali ya nyumbani aliachwa wapi mwaka wa corona limenigusa kwa sababu ndiye mimi. Nitakwenda. Bado naamini gharama hii haikupaswa kuwa ya mama yangu, na nitalisema kwa mkuu wa wanafunzi chuoni kabla sijaomba, kwa maandishi, pamoja na hesabu yenyewe.

Nimeamua moja ya uhakika, Julai, mahali ambapo nikichukuliwa nitafurahi. Ya pili nitaiomba tu kama idara itanipa posho. Orodha yangu imebaki na miji mitatu: Houston, Louisville na Kansas City. Kuna mwenye ndugu huko mwenye chumba?

Daktari wa Texas

Houston, dada yangu anakaa dakika ishirini kutoka eneo la hospitali. Watoto wake wamehamia chuoni, chumba kipo na gari la ziada lipo. Nitumie ujumbe faraghani. Na mpigie mama leo.