Ada ya .com imepanda tena: pesa zinakwenda kwa nani?

Shela_Wageni: Assalaam aleikum jamaa. Tovuti ya nyumba ya wageni hapa Shela ni ya .com. Mwaka wa kwanza ililipiwa shilingi 1,200, na sasa bili ya kuihuisha ni 2,900 pamoja na VAT. Muuzaji asema "wakubwa wa Marekani wamepandisha". Ni kweli? Na je, nihamie .co.ke?

Fundi wa Mkomani: Waaleikum salaam. Ni kweli nusu. Mwenye sajili ya .com, yaani daftari la majina yote ya .com, ni kampuni ya Marekani, Verisign, na bei yake ya jumla ni moja kwa wasajili (wauzaji wa majina) wote duniani. Ilikaa dola 7.85 tangu 2012, kisha kila Septemba ikapanda: 8.39 (2021), 8.97 (2022), 9.59 (2023), 10.26 (2024). Mkataba wake na serikali ya Marekani, uliorekebishwa 2018, wamruhusu kuongeza hadi asilimia 7 katika kila mwaka wa minne ya mwisho ya awamu ya miaka sita. Miwili ya mwanzo hapandishi. 2025 ulikuwa mwanzo wa awamu mpya, ndiyo sababu bei ya jumla haikusogea.

Sasa ipasue bili yako. 2,900 ukitoa VAT ya asilimia 16 yabaki 2,500. Dola 10.26 za Verisign na senti 20 za dola za ICANN (shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani), dola ikiwa 129, ni kama 1,349. Zilizobaki, 1,151, ni za muuzaji. Ile 1,200 ya mwanzo ilikuwa chambo, maana iko chini hata ya bei ya jumla. Siku zote uliza bei ya kuhuisha kabla ya kununua.

Bandarini: Nyongeza kwa wanaopenda majina mapya ya .shop au .online: huko hakuna kikomo cha bei. Hata .org iliondolewa kikomo 2019. Wenye sajili wanatakiwa tu kutoa notisi ya siku 180 kabla ya kupandisha bei ya kuhuisha. Notisi ikitoka, lipia miaka mingi kwa bei ya zamani, mwisho miaka 10 jumla.

Shela_Wageni: Shukrani. Basi nikimhama muuzaji, tovuti itazimika?

Fundi wa Mkomani: Haizimiki, mradi rekodi za DNS, zinazoelekeza jina kwenye tovuti na barua pepe zako, zisiguswe. Hapo ndipo wengi huharibu: wahamisha jina, kumbe rekodi za DNS zilikaa kwa muuzaji wa zamani, barua pepe za wageni zikakatika. Nakili rekodi zote kwanza, hasa MX, zile za barua pepe. Fungua kufuli ya jina, omba namba ya siri ya kuhamishia (EPP), mpe msajili mpya. Huchukua siku tano hivi, na unaongezewa mwaka mmoja. Jina lililosajiliwa chini ya siku 60 halihamishwi.

Anza mwezi mzima kabla ya kuisha. Ukihuisha baada ya muda kwisha kisha ukahama ndani ya siku 45, mwaka ule uliolipia hufutwa. Na ukilala hadi jina liingie siku 30 za ukombozi, yaani nafasi ya mwisho ya kulirudisha kabla halijafutwa, faini yake huzidi ada ya mwaka mara kadhaa.

Kuhusu .co.ke: sajili yake ni KeNIC, bei haifungwi na mkataba wa .com. Ichukue kando, lakini .com usiiachilie. Imeandikwa kwenye kibao cha mlangoni na kwenye kila risiti ya mgeni, na ukiiacha, mwengine aweza kuisajili siku hiyo hiyo inapofutwa.