Tupeane uzoefu: kitabu kilichokusema wewe mwenyewe

Fundi Majokofu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Sitaki orodha ya vitabu vizuri, hizo zimejaa kila kona. Nauliza hivi: umewahi kusoma ukafika mahali ukaona kabisa unasemwa wewe, mpaka ukakifunga kitabu? Kilifuata nini? Naanza mwenyewe, msije mkasema nimeleta mada mikono mitupu.

Niko Mwanza, nina miaka 46. Rosa Mistika nilikisoma kidato cha tatu. Tuseme ukweli, hatukukisoma, tulikuwa tunatafuta zile kurasa. Bweni zima tulikuwa na nakala moja isiyo na jalada, na ukiiweka mezani ilikuwa inajifungua yenyewe palepale. Tulishaambiwa kwamba Kezilahabi alipokitoa mwaka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni, basi tukaona hayo ndiyo yote ya kujua.

Mwaka jana likizo ya Juni binti yangu karudi kutoka shule ya bweni. Kwenye daftari lake la Baiolojia nikakuta kikaratasi cha mvulana. Salamu tu, na moyo umechorwa kwa kalamu nyekundu. Nikavua mkanda. Hapo sitaeleza zaidi.

Alipokwisha kurudi shule, siku moja napita kwa muuza vitabu vya mtumba nikakiona kile kitabu. Nikanunua huku nacheka, kumbukumbu za ujana. Usiku umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, nikafika pale Zakaria, baba yake Rosa, anapomtandika binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Jamani, miaka yote hiyo nilikuwa namkumbuka Rosa. Zakaria nilimsahau kabisa, kana kwamba hakuwemo. Safari hii nilimwona yeye tu, na ule mkono wake naujua. Halafu mwandishi hakufichi kinachokuja: mtoto aliyechungwa kwa fimbo anafika mahali fimbo haipo, na hana kingine cha kushikilia.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi mpaka umeme ukarudi. Nikajitetea kwamba Zakaria ni mlevi, mimi pombe hata siigusi. Utetezi haukufika mbali.

Karibuni.

Kunguru Mweupe

Mkuu, kumbe na nyie nakala yenu ilikuwa inajifungua yenyewe? Nilidhani ya shule yetu ndiyo ilirogwa.

Nyota ya Kisauni

Fundi, shikamoo. Sisi tuliosomea Kenya, riwaya ya Siku Njema tulilishwa kwa ajili ya mtihani. Eleza wasifu wa Kongowea. Jadili maudhui. Mimi nilikuwa hodari: kijana anatoka Tanga, mamake alikuwa mwimbaji wa taarabu, sasa anafunga safari kumtafuta baba hadi Kitale. Niliandika kurasa tatu juu ya "umuhimu wa mhusika mkuu" na mwalimu akanisomea mbele ya darasa. Hakuna aliyejua, na sidhani kama hata mimi nilijua, kwamba darasa lile lote aliyelelewa bila baba nilikuwa mimi na wengine wawili.

Aprili 2020 mwandishi wake, Ken Walibora, akafariki kwa ajali ya barabarani Nairobi. Wakati ule corona imetufungia nyumbani, nikakitoa kitabu kwenye sanduku la mama nikasoma upya, bila maswali. Kilichonichoma ni kitu kidogo. Kongowea anakwenda kumtafuta mtu ambaye hata hamjui sura. Mimi wangu nilikuwa na namba yake ya simu tangu nina miaka 22. Imeandikwa "Mzee X" kwenye simu, nimeihamisha kutoka simu hadi simu, simu nne, na sijawahi kuipiga. Miaka yote nilikuwa nasema "baba yangu alinikimbia". Ni kweli, alikimbia. Lakini ile namba nani alikuwa anaikimbia?

Nilipiga. Tukaongea dakika nne, moja na nusu katika hizo ni habari za mvua.

Mama Wawili

Alikwambia nini?

Nyota ya Kisauni

Aliniuliza kama nimekula.

Mama Wawili

Haya, mmeniliza kazini.

Deni Sugu

Ngoja nilete upande mwingine. Mimi nimesoma vitabu vya mafanikio kumi na tano, hesabu kamili, viko kwenye rafu ninavitazama. Amka saa kumi alfajiri, andika malengo, jiambie wewe ni tajiri. Nimeamka hiyo saa kumi miezi miwili. Nilichopata ni usingizi kwenye daladala na kupitishwa kituo.

Tatizo la vile vitabu, kwangu mimi, ni kwamba vinakusifia kabla havijakujua. Ukimaliza sura unajisikia umeshafanya kazi kumbe umekaa tu kwenye kiti. Nilikuwa nadaiwa na shemeji yangu, na kila nikiona simu yake nafungua kitabu kingine cha nidhamu ya fedha. Sasa hivi tunalipana kidogokidogo, na kilichonisukuma si kitabu, ni mke wangu kuniuliza mbele ya wageni: "Hicho nacho kinasemaje kuhusu kaka yangu?"

Ukhti wa Darajani

Assalaam alaykum. Deni Sugu, umenichekesha, Mungu akusahilishie.

Mie wangu ni Utendi wa Mwana Kupona. Bibi alikuwa nao kichwani wote, anaughani huku anachambua mchele. Nilipofika chuo nikauchukia. Zile beti za kumfunza binti namna ya kumtumikia mume, nakala yangu yote nilizitia mistari, na pembeni nimeandika maneno ambayo bibi angeyaona asingenipa tena radhi. Niliandika na insha kali, nikapata alama nzuri.

Kisha mama akaugua. Miezi saba kitandani, akili timamu, mwili unaondoka. Kila nikikaa pembeni yake ananielekeza: ufunguo wa kabati la sahani uko wapi, fulani tunamdai, fulani anatudai, mdogo wako usimwachie peke yake akiwa na hasira, kanga zangu zile mbili mpe jirani. Mie nakasirika. Namwambia, mama, utapona, mambo gani haya. Yeye anaendelea, ananyamaza kidogo avute pumzi, anaendelea.

Alipofariki, siku ya arubaini imeshapita, nikaufungua ule utendi bila sababu. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858, yuko mgonjwa, mjane, anamtungia binti yake. Hayo nilikuwa nayajua, nimeyaandika kwenye insha aya ya kwanza kabisa! Nimeyaandika kama mtu anavyoandika tarehe. Sikuwahi kumwona mwanamke kalala, anahesabu pumzi, anataka kumwachia mwanawe kila anachokijua kabla mlango haujafungwa. Alichokijua ndicho kile, dunia aliyoishi ndiyo ile.

Nilikuwa nalia si kwa ajili ya utendi. Nilikuwa nalia kwa sababu mama alikuwa ananipa, na mie nikawa namkatiza.

Mwanaharakati Mstaafu

Pole sana ukhti. Ila usije ukatuambia sasa zile beti ni sawa.

Ukhti wa Darajani

Sijasema hivyo. Mistari yangu ipo palepale sijaifuta. Nimesema nimemsikia aliyekuwa akisema.

Mtoto wa Kivu

Salamu kutoka Bukavu. Mimi si msomaji wa riwaya, huku kwetu vitabu vya Kiswahili si vingi. Nasoma Biblia. Nilikuwa mtu wa maneno mengi kwenye kilio. Mtu amefiwa, mimi ndiye nasimama: Mungu ana mpango, vumilia, usilie, wengine wana shida kuliko wewe. Watu walinisifu kwamba najua kufariji.

Halafu nilifiwa mtoto. Walikuja watu kama mimi.

Baada ya muda nikarudia kitabu cha Ayubu. Wote tunajua wale marafiki watatu walikosea, kila mahubiri yanawasema. Lakini sura ya pili, mwishoni, nilikuwa naipita mbio: walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa sana. Walikuwa marafiki wazuri wiki nzima! Waliharibu walipoanza kuongea.

Siku hizi kwenye kilio nabeba maji, napanga viti. Wakinipa nafasi ya kusema nasema "pole" halafu nakaa.

Mama Wawili

Pole sana ndugu yetu. Nakaa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma zote. Naongeza jambo moja la kazini kwangu, maana nalijua kwa pande zote mbili.

Nilipojifungua wa pili, mimi niliyekuwa namaliza riwaya kwa siku mbili, nilikaa na ukurasa mmoja siku nne. Macho yanapita, hakuna kinachoingia. Dada yangu kwa nia njema akawa ananiletea vitabu vya kutia moyo, navipanga kando ya kitanda kama dawa zisizonywewa. Ilikuwa sonona baada ya kujifungua. Nawauliza akina mama wengine maswali ya dalili zake kila wiki, mwenyewe sikujiuliza. Kitabu hakikunisema chochote, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikonishtua nikaenda kumwona daktari.

Kwa hiyo mwenzenu akiwaambia "sisomi tena, siingizi kitu", na usingizi hana, chakula hataki, msimtafutie kitabu kingine. Msindikizeni hospitali.

Kaunta Buku

Mimi sina kisa kikubwa. Nina kaunta buku, nikimaliza kitabu naandika sentensi moja tu: nani humu ndani sikutaka kufanana naye. Jina na sababu. Nimeanza miaka sita iliyopita. Juzi nimefungua toka mwanzo, nikakuta majina tofauti lakini sababu ni ileile, karibu zote. "Anajua kila kitu." "Haulizi." "Anajibu kabla mtu hajamaliza."

Mke wangu kasoma akasema yeye angenipa bure, bila kununua daftari.

Deni Sugu

Hahaha! Hawa wake zetu wangeandika vitabu tungekoma.

Kunguru Mweupe

Fundi, mbona hujamalizia? Binti vipi?

Fundi Majokofu (mleta mada)

Nilikuwa kwa mteja, samahani. Nimesoma yote, Ukhti na Mtoto wa Kivu poleni sana.

Binti alirudi Desemba. Nilipanga maneno njia nzima kutoka stendi, begi lake nimelibeba mimi, maneno yakakataa. Siku ya tatu yuko jikoni anamenya ndizi, nikamwambia: "Mama, ile siku ya mkanda nilikosea." Akasema "Sawa baba," akaendelea kumenya. Nilitegemea nini, sijui. Kisu kilisimama kidogo, ndicho nilichokiona.

Kile kitabu nilikiacha sebuleni, ndani yake nimechomeka tiketi ya basi pale nilipofungia, kwa Zakaria na ile barua. Sikumwambia akisome, nilikiacha tu. Juzi kaondoka kwenda shule. Jana nafagia sebule nakiinua, tiketi haipo pale. Imesogea mbele sana, karibu na mwisho.

Sijamuuliza. Siku ya wazazi kutembelea shule ni mwezi ujao.