Nimeombwa kwenda Albany kuitetea maktaba. Niseme nini?

Mama Furaha, Syracuse
Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri na msinicheke. Mkutubi wa tawi letu ameniomba niende nao Albany, makao makuu ya jimbo letu, wiki ijayo, siku ambayo watu wa maktaba wa jimbo zima la New York wanakwenda kuonana na maseneta na wabunge wa jimbo. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilikubali kwa aibu ya kukataa, sasa usingizi siupati.

Mimi si raia. Nina kadi ya ukaazi tu, mtihani wa uraia bado. Nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma. Kule ukimwona mtu wa ofisi anakuja na daftari, mkono unakwenda wenyewe kutafuta kadi ya mgao. Leo mimi ndiye nimfuate ofisini kwake? Halafu Kiingereza changu ni cha ndoo na deki. Na maktaba yenyewe naendea kuchapisha fomu. Mwanangu wa mwisho ndiye anaazima kile kifaa cha intaneti afanyie kazi za shule, maana nyumbani hatuna. Hayo ni ya kumwambia seneta?

Babu wa Rochester
Marahaba, mwanangu. Nimekwenda mara tatu. Uraia hawakuulizi. Kura ndiyo usiiguse kabisa mpaka uapishwe. Kupeleka haja yako kwa serikali ni haki iliyomo katika katiba yao tangu 1791, na pale pameandikwa "watu", si "raia". Mlangoni watapitisha mkoba wako kwenye mashine kama uwanja wa ndege, basi.

Usishangae usipomwona mkubwa mwenyewe. Pengine utampata msaidizi wake, dakika kumi, mmesimama kwenye korido kwa kuwa bosi ameitwa kupiga kura. Usimdharau, daftari analo yeye. Takwimu waachie wakutubi. Wewe sema hayohayo uliyoandika hapa, kisha taja ombi moja tu. Gavana hutoa bajeti yake Januari na mwaka wa fedha wa jimbo huanza Aprili 1, kwa hiyo mnafika mchuzi ungali jikoni.

Ukipata nafasi, litazame jengo la bunge. Machi 1911 liliungua, na maktaba ya jimbo iliyokuwa humo ndani ikateketea, vitabu zaidi ya 400,000. Mimi nikipanda ngazi zile huwa nasikia harufu ya moshi, ila huo ni uzee.

Kijana wa Utica
Mama, utapigwa picha, utapewa kalamu, utarudi. Pesa nyingi za maktaba zinatoka kwenye kodi za huku huku kwetu, si Albany.

Babu wa Rochester
Nyingi, si zote. Ile mifumo 23 inayounganisha maktaba za umma inapata fedha za jimbo, ndiyo maana kitabu cha mji mwingine kinakufuata hadi tawini kwako. Na ukarabati wa majengo jimbo huchangia. Kalamu nilipewa kweli. Haiandiki.

Mama Furaha, Syracuse
Nimerudi. Babu, ilikuwa korido kama ulivyosema, na msaidizi binti umri wa Furaha wangu. Tulikuwa watano. Mkutubi akaeleza mambo ya bajeti, yule binti anaitikia kwa kichwa tu. Zamu yangu ilipofika maneno niliyokariri kwenye basi yakayeyuka yote. Nikasema: natoka kazini saa kumi na moja na nusu jioni, maktaba inafungwa saa kumi na moja. Jumamosi ndiyo siku yangu, na Jumamosi kompyuta ni chache, foleni inafika mlangoni. Fomu ya kazi niliyonayo leo nilijaza pale, mkutubi kakaa pembeni yangu saa nzima.

Hapo ndipo akaanza kuandika. Akauliza: kompyuta ngapi? Nikamwambia sita, moja mbovu. Akaandika na ile mbovu.

Seneta alipita mbio mwishoni, akatupa mkono, tukapigwa picha. Kijana wa Utica, kalamu sikupewa.

Sasa nina swali jingine. Mkutubi anasema tuandike barua za shukrani. Mwanangu anasema barua pepe inatosha. Niandike kwa mkono?

Babu wa Rochester
Kwa mkono. Na ile kompyuta mbovu uitaje tena.