Hivi Zanzibar iliwahi kuwa na frigeti?

Baba wa Chumbageni:
Assalaam alaykum. Binti yangu wa darasa la sita amekuta picha ya zamani ya Unguja, ya baada ya vita vya 1896 kati ya Waingereza na Sultani. Jumba la Sultani limebomoka, na mbele yake milingoti mitatu imechomoza majini, chombo chenyewe hakionekani. Nikamwambia ni jahazi limezama. Shemeji yangu akanikatalia, eti ni frigeti ya jeshi la Sultani. Ukweli ni upi? Na kama zilikuwepo, ziliishia wapi?

Mtoto wa Malindi:
Waalaykum salaam, kaka. Nashukuru umeuliza, maana marehemu baba alikuwa serahangi wa tishari hapa bandarini, na kila tukipita Forodhani alikuwa akitunyooshea kidole: "Pale ndipo ilipolala Glasgow."

Shemeji yako amekaribia: milingoti hiyo ni ya Glasgow, meli ya Sultani. Frigeti hasa ni manowari ya milingoti mitatu, yenye sitaha moja kamili ya mizinga, nyepesi kuliko zile kubwa za sitaha mbili. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alikuwa nazo. Moja ni Shah Alam. Nyingine, Victoria, ndiyo inayonigusa mimi. Alipanda humo Maskati kurudi Unguja, akafia njiani karibu na Shelisheli, tarehe 19 Oktoba 1856. Inasimuliwa kuwa kabla ya safari aliamuru zipakiwe mbao za jeneza lake. Mwili haukutoswa baharini. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye melini, akaushusha Unguja usiku, kimyakimya, kabla watu hawajajua.

Mkumbuke kijana huyo, maana ndiye aliyekuja kuiagiza Glasgow.

Manowari za Sayyid Said hazikukaa bure wakati wa amani. Zilibeba mizigo kama merikebu yoyote ya biashara. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza kufahamu: jeshi na biashara vilikuwa kitu kimoja. Baada ya kifo chake dola ikagawanyika, Maskati kwa mwanawe Thuwaini na Unguja kwa mwanawe Majid, na mgawanyo ukathibitishwa na Waingereza 1861. Meli zilizobaki Unguja zikamalizwa na kimbunga cha Aprili 1872.

Nahodha Mstaafu:
Umeisahau Liverpool! Ndiyo frigeti kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Mtoto wa Malindi:
Sikuisahau, mzee wangu, ila haikuwa frigeti. Ilikuwa na mizinga 74 kwenye sitaha mbili, imeundwa Bombay kwa msaji, ikashushwa majini 1826. Sayyid Said akamzawadia Mfalme wa Uingereza 1836, nao wakaiita Imaum. Ikaishia Jamaika.

Na Sultana, iliyompeleka Ahmad bin Na'aman New York mwaka 1840, nayo watu huiita frigeti. Ilikuwa ndogo zaidi, na ilikwenda kwa biashara.

Baba wa Chumbageni:
Sasa Glasgow yenyewe? Binti amesimama nyuma yangu anasubiri.

Mtoto wa Malindi:
Mwambie hivi. Mwaka 1873 frigeti ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilikuja Unguja. Barghash, aliyekuwa Sultani baada ya Majid, na ambaye kimbunga kilikuwa kimemwacha mikono mitupu, akaipenda. Akaagiza ya mfano huo kwa Denny, waundaji meli wa Dumbarton, Uskoti, ikashushwa majini 1878. Ilikwenda kwa mvuke na matanga. Kwa sura ilikuwa frigeti, kwa kazi ilikuwa meli ya fahari ya Sultani: mizinga 7 ya risasi za ratili 9, na bunduki moja ya Gatling, ile ya kufyatua mfululizo, zawadi ya Malkia Victoria. Ilipofika haikumridhisha. Ikakaa kwenye nanga miaka na miaka.

Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, alipokataa kutoka jumbani, ni hiyo Glasgow ya babake iliyojibu mizinga ya Waingereza. Vimizinga vile, mbele ya St George, manowari ya chuma! Ikatobolewa, ikashuka wima mpaka ikakaa mchangani, maana pale maji si ya kina kirefu. Mabaharia wake waliokolewa kwa mashua za Waingereza wale wale. Ndiyo milingoti anayoiona binti yako. Ilibaki imesimama hivyo mpaka 1912, mabaki yalipovunjwa yauzwe chuma chakavu.

Baba wa Chumbageni:
Ameshaandika yote daftarini. Anauliza kama wakati wa maji kupwa sitaha ilionekana.

Nahodha Mstaafu:
Mwambie aitazame tena ile picha, aangalie maji yamefika wapi ukutani mwa gati.