Naomba ushauri: programu huria ya kutoza ada za kila mwezi

Wakuu, habari zenu. Nina huduma ya mtandaoni ambayo wateja huilipia kila mwezi, na hesabu zote zinapita kwenye msimbo niliouandika mwenyewe. Juzi mteja alipandisha kifurushi katikati ya mwezi. Taarifa ya malipo ikaingia mara mbili, naye akakatwa mara mbili. Nimemrudishia pesa yake, lakini roho bado inaniuma.

Nimeiangalia programu huria iitwayo Kill Bill, leseni yake Apache 2.0 (haina masharti makali), ila imeandikwa kwa lugha ya Java na Java siijui vizuri. Nyingine, Lago, imenivutia kwa kupima matumizi ya wateja, lakini iko chini ya AGPLv3, leseni inayomtaka anayeibadilisha programu na kuitumia kutoa huduma mtandaoni awape watumiaji msimbo wake. Nikiibadilisha, nitalazimika kuweka wazi mabadiliko ya Lago tu, au na msimbo wa huduma yangu pia? Na aliyewahi kuhamishia kwenye mfumo mpya wateja ambao kadi zao za benki tayari zimehifadhiwa, alifanyaje bila kuwaomba waziingize upya?