Tupeane uzoefu: kazi za stensili, na herufi zilizotuangusha

Mwenye mada (Ngamiani, Tanga)
Habari za jioni, wanajamvi. Nimefungua mada hii baada ya kuharibu fulana ya timu ya mtaa wetu. Niliombwa niandike neno TANGA mgongoni mwa fulana kumi na nane, nami nikaona kwamba kuchora moja moja kwa mkono kungenichukua wiki nzima, kwa hiyo nikaamua kutengeneza stensili, yaani kiolezo chenye matundu ya herufi ambayo rangi hupakwa kupitia humo: nikachukua karatasi ya manila, nikapiga herufi kwa penseli na rula, nikaanza kukata kwa wembe. T ilitoka vizuri. Nilipozungusha wembe kwenye A, herufi nzima ilidondoka pamoja na kile kipembetatu cha katikati, nami kwa haraka zangu sikukijali. Baada ya kupaka rangi, A zote mbili zilionekana kama mahema mawili meusi yaliyopigwa kando ya N na G.

Jirani yangu anayeandika mabango ya maduka alicheka kwanza, kisha akanieleza kwamba katikati ya herufi kama A, D, O, P, Q na R pana kisiwa, na kisiwa hicho lazima kishikiliwe na kidaraja, yaani ukanda mwembamba usiokatwa. B ina visiwa viwili, hivyo kila kimoja kinahitaji chake. Ndiyo sababu herufi tunazoziona kwenye makasha ya mizigo zina mikato midogo. Mimi siku zote nilidhani ni mtindo tu. Naomba kila mwenye kisa chake akilete: ulipamba nini, ulikosea wapi, na ulirekebishaje.

Mstaafu wa mkonge (Muheza)
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha shamba moja la mkonge, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kupiga alama kwenye marobota. Robota lina uzito wa kilo 250, na kabla ya kupelekwa bandarini huandikwa alama ya shamba pamoja na daraja la mkonge: 1, A, 2, 3L, 3, UG. Stensili zetu zilikuwa za bati jembamba, kwa sababu karatasi ingelowa na kulegea kabla hatujafika robota la kumi.

Brashi ilikuwa fupi, yenye nywele ngumu zilizokatwa sawasawa, nasi hatukuiburuta hata siku moja. Tuliigonga ikiwa imesimama wima. Ukiiburuta, nywele hupenya chini ya ukingo wa bati, na rangi huzifuata. Rangi yenyewe iwe kidogo sana, kiasi kwamba ukigonga brashi kwenye gunia kuukuu kwanza, isiache tone.

Kosa langu sitalisahau. Jioni moja niliondoka bila kuosha bati kwa mafuta ya taa. Rangi ilikaukia kwenye L ikaziba, na asubuhi yake nikapiga safu nzima ya marobota bila kutazama. Mkonge mrefu wa 3L ukasomeka 3, yaani nilikuwa nimeushusha daraja kwa mkono wangu. Nyapara alinisimamia mpaka nikarekebisha alama kwenye robota la mwisho. Tangu hapo nimeosha stensili kila siku, mbele na nyuma.

Mwalimu wa sanaa (Chumbageni)
Shikamoo mzee. Mimi naongeza habari ya vifaa tu. Filamu ya zamani ya eksirei ni bora kuliko manila: iloweke kwenye jiki, ule utando wa picha utalegea, uusugue, nayo itabaki angavu kiasi cha kuiweka juu ya mchoro na kuukata bila kunakili. Anayelazimika kutumia boksi au manila aisugue kwa nta ya mshumaa pande zote mbili ili isinywe rangi. Wajapani wana karatasi za namna hii za kupambia vitambaa, nazo huzipaka maji ya tunda la pasimoni ili zistahimili unyevu.

Wanafunzi wadogo siwapi wembe. Huweka kiganja juu ya karatasi, nasi tunarusha rangi kwa mswaki, wakiondoa mkono panabaki umbo lake. Huwaambia kwamba huko Sulawesi, Indonesia, pango moja lina alama ya mkono ya namna hiyohiyo ambayo mwaka 2014 ilitangazwa kuwa na umri usiopungua miaka 39,900. Hapo darasa hunyamaza, jambo ambalo kwa darasa la tatu si dogo.

Mpambaji wa maharusi (Barabara ya Ishirini)
Kwetu stensili ni zile za kubandika, zinazouzwa dukani zikiwa na maua tayari. Zinaokoa muda, lakini somo wangu hazipendi, kwa kuwa maharusi wawili wa wiki moja hutoka na viganja vya mapacha. Mimi huzitumia kwa wageni waalikwa. Bibi harusi namchora kwa mkono. Hina iwe nzito kama uji wa mtoto anayeanza kula, na stensili usiibandue mpaka ikauke. Piko ni habari nyingine: ile ni rangi ya nywele, na baadhi ya ngozi huivimbia na kutoka malengelenge, kwa hiyo msiwapake watoto kwa sababu tu stensili imerahisisha kazi.

Mwenye mada
Ahsanteni sana, na mzee wangu nimekuelewa. Jana nimekata upya kwenye filamu ya eksirei, nikaacha vidaraja vya upana wa njiti ya kiberiti, nikagonga kwa sifongo iliyokamuliwa hadi karibu kukauka. Fulana kumi na saba zimekamilika, ingawa kwenye ya tano filamu iliteleza na G ikapata kivuli. Ile ya kwanza, yenye mahema mawili, nilitaka kuitupa, lakini golikipa ameshaichukua na anakataa kuirudisha.