Mpiga gitaa kwenye bendi ya watatu "anasindikiza tu"? Hii dharau imenifika hapa shingoni

Wakuu habari za jioni.

Jambo hili ninalo kifuani tangu Jumamosi usiku na limekataa kushuka. Nipo Mtwara mjini, napiga gitaa. Bendi yetu ni ya watu watatu: mmoja anaimba huku anapiga besi, mmoja yupo kwenye dramu, na mimi. Wa huku mnajua, pesa za korosho zikishaingia kwa wakulima, kila wikiendi kuna harusi au sendofu, kwa hiyo kazi hazikosekani. Jumamosi tulikuwa kwenye sendofu, ukumbi mmoja maeneo ya Shangani.

Tumemaliza saa nane usiku, mjumbe wa kamati akatuita pembeni kutoa bahasha. Mwimbaji 80,000. Dramu 70,000. Mimi 40,000. Nikamuuliza kwa adabu, maana ni mtu mzima kwangu: "Samahani mzee, mbona yangu pungufu?" Akanijibu huku anahesabu hela nyingine: "Wewe mwanangu si unasindikiza tu."

Nasindikiza! Nimesimama kwa muda wa saa tano, vidole vimechubuka, shati limelowa, halafu nasindikiza.

Na haikuanzia kwake. Fundi mitambo alishusha sauti ya gitaa kwenye miksa tangu wimbo wa pili. Nikamfuata, "Kaka, mbona sijisikii kabisa?" Akasema gitaa linaziba sauti ya mwimbaji. MC naye anatambulisha bendi: mwimbaji kamwagiwa sifa, dramu kapigiwa makofi na kupewa nafasi ya kuonyesha ufundi, halafu "na mwenzao". Jina langu alikuwa nalo kwenye karatasi mkononi, nimeliona kwa macho yangu.

Ngoja niwape kisa kimoja cha usiku huohuo. Kama saa tano hivi, katikati ya wimbo wa kuchangamsha, waya wangu wa tatu ulikatika. Nikashuka pembeni kubadilisha, nikawaambia wenzangu waendelee. Wimbo ukabaki besi, dramu na sauti. Haikupita dakika mbili akina mama waliokuwa wanacheza wakaanza kurudi kwenye viti, mmojammoja, bila kuambiwa na mtu. Mjumbe yuleyule wa kamati akaja mbio jukwaani. Mnajua alimfuata nani? Alimfuata mpiga dramu! "Kijana umechoka? Ngoma imepoa." Nipo pale chini ya spika nakaza waya, kanipita kama meza. Nimerudi, nimeingiza ridhimu, yale mapigo ya gitaa yanayojirudia, watu wakainuka tena, na yeye akaondoka akiamini amemchangamsha mtu wa dramu.

Hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya hiyo 40,000. Nikikosekana wanajua kuna kitu kimepungua, ila hawajui ni nini, na hawataki kujua.

Jumatatu niko kijiweni Chikongola, nawasimulia wenzangu. Jamaa mmoja anayejiona anaujua muziki akadakia: "Ndivyo ilivyo mkuu, bendi ya watatu gitaa ni la kujazia. Hata Rush, yule mpiga gitaa ni wa tatu." Hapo ndipo damu ilinichemka, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Rush nawajua tangu nikiwa mdogo. Mjomba wangu alikuwa baharia, akishuka bandarini hapa Mtwara haji nyumbani mikono mitupu, na kati ya kaseti alizoleta ilikuwepo ya hao Wakanada. Kwa asiyewajua: ni bendi ya Toronto, ya roki ile wanayoiita progresivu, nyimbo ndefu, mapigo yanabadilika katikati, mara saba mara tano, ukidhani umeshika hesabu imeshahama. Geddy Lee alipiga besi, akaimba, na kinanda akapiga yeye. Neil Peart, aliyefariki Januari 2020, alikuwa kwenye dramu na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya nyimbo. Gitaa ni Alex Lifeson. Sasa muulize shabiki yeyote, atakuhubiria Peart mpaka adhana ya alfajiri, atakuja Lee, halafu Lifeson atatajwa mlangoni wakati anaaga. Na huyo Lifeson ndiye aliyekuwepo tangu bendi inaanza mwaka 1968! Peart aliikuta, alijiunga 1974.

Fikirieni kazi yenyewe. Bendi zetu za dansi zina gitaa la solo, second solo, ridhimu, na besi. Watu wanne wamegawana mzigo. Kwenye bendi ya watatu, solo, second na ridhimu vyote viko kwenye mikono miwili ya mtu mmoja. Besi ya Lee haitulii, inakimbia kama solo. Dramu ya Peart haiachi nafasi. Lifeson naye angeamua kukimbia kama wao, ungesikia watu watatu wanagombana. Akachagua kuwa sakafu yao, na sakafu ile haikuwa ya bei rahisi.

Chukueni gitaa, nawaonyesha. Shikeni kodi ya E ya kawaida (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), isogezeni mpaka freti ya 2, yaani kile kigawanyo cha pili kwenye shingo ya gitaa, ila zile nyaya mbili nyembamba kabisa msizikanyage, ziacheni wazi. Pigeni taratibu. Mmesikia? Vidole vimehama, nyaya mbili zimebaki nyumbani zinalia, na chumba kizima kimejaa. Ndiyo kodi anayofungulia nayo albamu yao ya 1978. Kodi moja, ikiachwa ining'inie, inafanya kazi ya gitaa mbili. Mimi nilihangaika nayo wiki nzima barazani kwa mjomba, mpaka jirani akaniuliza kama gitaa limeharibika. Na huyo mtu wakati mwingine mikono iko kwenye gitaa, mguu unakanyaga kinanda cha besi kilicholazwa sakafuni, na mdomo uko kwenye kipaza sauti anaitikia. Halafu mtu wa kijiweni ananiambia anajazia!

Akitaka solo anaweza. Kwenye albamu hiyohiyo kuna kipande cha dakika tisa na kitu hakina kuimba hata neno, La Villa Strangiato. Katikati gitaa linaingia chini kabisa, kama mtu anaongea peke yake, linapanda kidogo kidogo mpaka nywele zinasimama. Hana haraka hata kidogo.

Na wao wenyewe walimkosea. Miaka ya themanini vinanda vilipoingia kwa wingi, kwenye albamu ya 1982 gitaa lilisukumwa nyuma, na Lifeson mwenyewe alishasema hakufurahia. Akatafuta njia akapiga kwenye nafasi zilizobaki, hakususa bendi. Aliendelea mpaka onyesho la mwisho la watatu hao wakiwa pamoja, Agosti 2015. Lakini leo watu wanakumbuka zaidi ile siku ya 2013 walipopewa heshima ya Rock and Roll Hall of Fame, akapanda kuhutubia kwa "blah blah" tupu, kuliko wanavyokumbuka mkono wake.

Hapa kwetu ni vilevile. Mbaraka Mwinshehe tunamjua wote kwa solo lake, na anastahili. Nitajieni basi aliyekuwa anampigia ridhimu. Kwenye ngoma zetu huku Kusini, anayeshangiliwa ni wa ngoma kubwa, lakini zile ndogo zinazorudia mlio mmoja usiku kucha zikinyamaza, mchezaji anapoteza miguu.

Wenzangu wa bendi sitaki kuwasema sana. Dramu alinifuata tukiwa kwenye bajaji akanipa 10,000 kutoka kwenye yake, nikapokea kwa shukrani. Mwimbaji alinyamaza. Amesimama pembeni yangu miaka minne, sauti yake inapata pa kukanyaga kwenye gitaa langu, na pale kwenye bahasha akanyamaza. Kaka, najua unapita humu. Soma.

Jumamosi ijayo tuna kazi Lindi mjini. Nimeshamtumia anayetupeleka masharti mawili: malipo yagawanywe mafungu matatu sawa, na wakati wa kupima vyombo fundi aanze na gitaa, aliweke mahali pake, ndipo waje wengine. Gari linaondoka stendi saa nne asubuhi. Mpaka naandika hapa hajanijibu, na gitaa langu bado lipo kwenye mfuko wake nyuma ya mlango.